Viatu kwenye Uzio wa Ferrier

Wellington
9 Februari 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi za nyuma bila kugombana nawe. Mimi sijambo. Mama yuko Nelson kwa dada yake hadi Pasaka, na wanagombana kwa furaha. Upepo wa hapa haujanyamaza tangu Krismasi. Juzi ulichukua pipa la taka la jirani likabiringika ngazi zote tisini na mbili za mtaa wetu, likafika barabarani kabla yangu. Aprikoti kavu zako nilizipeleka kazini. Saa nne zilikuwa zimekwisha.

Habari za kazini si nyingi ila moja. Tevita, mtunzi wetu wa muziki, ameondoka Ijumaa. Ni wa kumi na sita kuondoka tangu tuanze mchezo huu wa kompyuta, na wa tatu tangu Novemba. Amechukua vikombe vyake viwili na ukulele, kile kigitaa chake, akaacha nyimbo arobaini ambazo sasa ni mali ya studio.

Jana nilikuwa namweleza msichana mpya, Aroha, kwa nini ninachora viatu. Nikamwambia: mchezo wetu unahusu msoma kipimo cha mto katika mji unaongoja kufunikwa na bwawa la umeme, na mji huo ni Ferrier, alikozaliwa baba yangu na mdogo wake, ambao uko chini ya ziwa tangu mwaka 1992. Nikamwambia watu wa Ferrier walipokuwa wakihama, kila nyumba ilitundika jozi ya viatu kwenye uzio wa daraja. Na hapa kwetu studio ina sheria kwamba anayeondoka kabla mchezo haujakamilika, jina lake halimo katika orodha ya mwisho, hata kama amefanya kazi miaka minane. Kwa hiyo mimi na Ilse, mwandishi wetu wa hadithi, tukauchora uzio ule ule, na kila mwenzetu akiondoka tunatundika viatu vyake humo. Garth, mwenye studio, anadhani ni mapambo. Aroha akaniuliza, "Na vya kwako vitakuwa vipi?" Nikamwambia vyangu nimevivaa.

Tarehe mpya ya kutoa mchezo ni Machi mwakani. Nilikuahidi utautembea tena mtaa wa Ferrier, nyumba kwa nyumba, ukiwa umekaa kitini. Ahadi ipo palepale.

Swali: mlango wa posta ulikuwa rangi gani? Picha zote za Baba ni nyeusi na nyeupe.

Mwanao,
Merrin


Barabara ya Ziwa, Ferrier ya Juu
21 Februari 2025

Mwanangu Merrin,

Nimepata barua yako tarehe 14. Mimi ni mzima. Leo asubuhi saa tatu joto lilikuwa nyuzi kumi na tisa, mvua hakuna kwa siku kumi na moja. Plamu zimezaa hadi matawi mawili yamevunjika. Noeline wa jirani anakusalimu. Anakuja kila Jumatano na skoni zake, vile vimkate vya kuoka, ambazo ni nzito kama zamani, na mimi nazila kama zamani. Gari liko kwa fundi, kwa hiyo yeye ndiye anayenipeleka dukani.

Mlango wa posta ulikuwa kijani. Si kijani cha majani, ni kijani cha chupa ya bia. Upande wa chini ulikuwa umechubuka mahali ambapo mbwa wa bwana posta alikuwa akikwaruza.

Nimeangalia madaftari yangu. Tarehe 14 Machi 2018 uliniambia mchezo utatoka Krismasi. Tarehe 2 Juni 2020 ukasema mwaka unaofuata, baada ya baridi. Tarehe 9 Oktoba 2022 ukasema umebaki kupakwa rangi tu. Sikulaumu. Naandika yaliyosemwa, basi.

Kuhusu hao wanaoondoka, mimi sielewi kazi yenu, lakini nimechuma matunda miaka ishirini. Mchumaji anayeteremka ngazi kabla ya mti wa mwisho hulipwa siku zake, lakini mwakani haitwi. Wewe kaa. Jina lako liwe kwenye orodha. Mtaa ule hauna mtu mwingine.

Nimefungia humu karatasi ya vipimo vya ukumbi wa mtaa. Dirisha la mashariki lilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka, nimetia alama.

Baba yako mdogo,
Athol Lorimer


Wellington
16 Machi 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mama ameteleza Nelson, si vibaya, kifundo cha mguu tu. Sasa dada yake anamhudumia na anamkumbusha kila saa kwamba anamhudumia. Mimi sijambo, nakula vizuri. Mlango wa posta sasa ni wa chupa ya bia, na makwaruzo ya mbwa yapo.

Ilse ameondoka. Siwezi kuandika hili kwa namna nyingine, basi nimeliandika. Miaka tisa amekaa meza inayoangaliana na yangu. Tulimfanyia shughuli ya kuaga, soseji za kuviringishwa na keki yenye daraja la sukari juu yake. Garth akasimama na glasi.

"Ilse ametuandikia maneno laki nne," akasema. "Hakuna atakayemnyang'anya hayo."

"Wewe umeyanyang'anya mara tatu, bwana," Ilse akajibu.

Watu wakacheka, Garth naye akacheka. Ni kweli lakini. Mara ya tatu ilikuwa Januari. Garth aliamka akaona msoma kipimo hapaswi kuzungumza kabisa, na kila alichosema mtu yule kikafutwa. Siku ile Ilse alikwenda akaosha kikombe chake, na nadhani alianza kuondoka hapo.

Baadaye tukawa wawili karibu na birika.

"Wewe utabaki ili uzime taa?" akaniuliza.

"Nina mzee wa kumpeleka nyumbani kwao," nikamwambia.

"Haya. Na wewe, dada, atakupeleka nani?"

Nimetundika viatu vyake vya baiskeli, vyekundu. Jozi ya kumi na saba.

Nina maswali mawili. La kwanza: viatu vya kwanza kabisa kwenye uzio wa Ferrier vilikuwa vya nani? Nataka uzio uanze kwa usahihi, kutoka upande wa posta. La pili: mwandiko wako umekuwa mkubwa. Mambo ni sawa?

Merrin


Ferrier ya Juu
2 Mei 2025

Mwanangu Merrin,

Mwambie mama yako kifundo kikae juu ya mto wa kulalia siku tano, kisikandwe kwa maji ya moto. Mimi mzima. Leo nyuzi nne. Baridi ya kwanza ya kuua nyanya ilikuja usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili, siku sita mapema kuliko mwaka jana. Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, tulisimama kwenye mnara, watu thelathini na mmoja. Noeline aliniletea biskuti, na akakaa kunisema.

"Umemwandikia mtoto?"

"Naandika."

"Unaandika tangu Machi, mzee. Hiyo ni barua au ni Katiba?"

Mwandiko ni kalamu mpya. Ina wino mzito. Gari bado liko kwa fundi, kuna kifaa kinangojwa.

Viatu vya kwanza sikumbuki. Tundika vyovyote utakavyo.

Nasikitika kwa rafiki yako. Lakini mtu anayekuacha katikati ya kazi amekuachia pia kazi yake, hilo ulipime. Merrin, usiondoke. Nakuomba. Watu husema maneno mengi juu ya anayeondoka, na maneno hayo hayazeeki. Ukikaa mpaka mwisho hakuna wa kukusema. Baba yako alikaa mpaka siku maji yalipogusa kizingiti, na mpaka leo wanaomkumbuka wanamtaja kwa

Athol Lorimer


Wellington
25 Mei 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Mama amepona, amerudi kwake. Mimi sijambo. Mvua hapa imekuwa ya ubavu, mwavuli ni mzigo tu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Chini kuna mistari miwili umeiandika mmoja juu ya mwingine, na sikuweza kujua Baba anatajwa kwa nini. Halafu unasema hukumbuki viatu vya kwanza. Wewe unakumbuka kimo cha mto siku niliyozaliwa. Sikushtaki, nami naandika yaliyosemwa, basi.

Sasa nisikilize. Garth ameondoka.

Jumatatu alikuja na ndala zake, zile anazovaa hata wakati wa baridi, akasimama katikati ya chumba. Akasema amechoka kuwa mtu wa mchezo huu, kwamba akiamka anauona na akifumba macho anauona, na kwamba wazo lilikuwa zuri lakini yeye hakulitosha. Kijana mmoja wa upande wa hesabu akauliza, "Kwa hiyo leo tufanye nini?" Garth akamgeukia. "Sijui, ndugu yangu," akasema. "Kama ningejua nisingekuwa nimesimama hapa." Akatoka. Saa sita mchana mlango wake ulikuwa bado wazi na redio inaimba.

Hakuna aliyetaka kumtundikia viatu. Watu walisema yeye ndiye aliyewaondoa wengine kumi na saba. Nilikaa siku mbili. Mwishowe nikazitundika zile ndala, kwa sababu uzio hauulizi mtu aliondokaje. Jozi ya kumi na nane.

Sasa wenye fedha wamenipa mimi karatasi. Wanataka nishike nafasi yake, nimalize mchezo. Miaka miwili, labda mitatu. Jibu wanalitaka kabla ya 31 Julai. Nikikataa siwezi kurudi kuchora kama zamani, nitakuwa wa kuondoka tu. Jina langu halitakuwepo, na mtaa utabaki mikononi mwa mtu ambaye ataiona posta na kufikiri, kwa nini mlango huu una makwaruzo, hebu tuusafishe.

Usifikirie nina hofu. Nalala vya kutosha. Asubuhi ninapokwenda kazini hupumzika kidogo kwenye ngazi ya hamsini na nne kutazama mandhari. Jumanne nilitazama dakika arobaini.

Niambie nifanye nini. Ukisema nikae, nitakaa.

Merrin


Wellington
22 Juni 2025

Baba Mdogo,

Sijapata barua. Nimepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza ulisema "baridi, baridi sana" ukakata, mara ya pili ulidhani mimi ni mtu wa bima. Najua simu huisikii vizuri, sijakasirika. Lakini gari limekuwa kwa fundi tangu Februari, na Ferrier ya Juu nzima ina fundi mmoja, Lindsay, ambaye nimempigia. Anasema hajaona gari lako mwaka huu.

Kuna nini?

Merrin


Ferrier ya Juu
6 Julai 2025

Mwanangu Merrin,

Huu ni mwandiko wa Noeline. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asiongeze chumvi. (Sijaapa. N.)

Leo nyuzi tatu chini ya sifuri. Barafu kwenye beseni la maji ya ndege. Mimi mzima isipokuwa macho. Ulitaka ukweli, ndio huo. Katikati ya jicho panakufa, yote mawili, daktari aliutaja ugonjwa kwa jina tarehe 3 Desemba na hakuna dawa ya kurudisha. Pembeni naona. Nikitaka kukuona uso ni lazima nitazame sikio lako. Leseni nimeirudisha, gari liko bandani chini ya turubai. Kusoma siwezi tangu Mei. Barua yako ya tarehe 25 ilikaa kwenye meza wiki tano kwa sababu nilikuwa na aibu ya kumpa mtu anisomee.

"Ungeniambia," Noeline amesema hapa.

"Nikwambie uniletee skoni zaidi?"

"Endelea, mzee, kalamu inakauka."

Alinisomea barua yako Jumatano. Alipofika kwenye ngazi ya hamsini na nne akauliza kuna mandhari gani pale. Nikamwambia nimewahi kukaa ngazi zile. Pana ukuta wa zege na paipu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu, na Noeline atalisikia pia, haidhuru.

Mwaka 1987 watu wa bwawa walipoleta karatasi za kutuhamisha, mtaa mzima tulikutana ukumbini tarehe 20 Julai. Tulikubaliana hakuna atakayetia sahihi peke yake. Baba yako ndiye aliyesoma azimio. Mimi niliinua mkono. Baada ya wiki tatu nikatia sahihi. Tarehe 11 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, nikahama. Sikumwambia mtu, hata kaka yangu.

Nilijiambia ni kwa sababu mimi ndiye msoma kipimo, naujua mto, nimeziona hesabu za wahandisi na najua hatuwezi kushinda. Hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba kila asubuhi nilikuwa nashuka kwenda kusoma kipimo, nikifika mpopla wa tano, katika safu ya miti ya njiani, miguu inakataa. Nasimama pale. Kuna siku nilisimama mpaka umande ukakauka. Kisha napita, nasoma kipimo, naandika, narudi, na kila mtu ananiuliza mto unasemaje, kana kwamba mimi ndiye ninayeujaza. Sikuweza tena.

Umeniuliza viatu vya kwanza ni vya nani. Vilikuwa buti za marehemu Pascoe, mwenye duka. Mkewe ndiye aliyezitundika, mwaka 1988. Alisimama darajani saa sita mchana, watu wamejaa, akasema, "Sisi tunaondoka mchana, tukionekana." Kila mtu alijua anamsema nani. Baada yake wote wakatundika. Ile desturi uliyoipenda, Merrin, ilianza ili kunisuta mimi. Ndiyo maana sikuweza kukujibu.

Baba yako hakunisemesha mpaka tarehe 3 Aprili 1989. Alikuja mlangoni akasema umezaliwa. Mto ulikuwa mita moja na nusu. Nikamkaribisha chai, hatukuzungumza habari za daraja wakati ule wala baadaye. Kile ambacho hukuweza kusoma chini ya barua yangu ni "kwa heshima". Wanamtaja kwa heshima. Ni kweli, wala sisemi kwa wivu.

Viatu vyangu nilivyohamia bado ninavyo bandani. Vya kahawia, cha kushoto nimekifunga kwa kamba ya marobota ya majani, ya rangi ya chungwa, kwa sababu kamba yake ilikatika asubuhi ile na sikutaka kuwasha taa nitafute nyingine. Mara nyingi nilifikiri kuvipeleka. Halafu maji yakaja, hakukuwa tena na mahali pa kuvipeleka.

Nilikwambia kaa, kaa, kaa. Haikuwa kwa ajili yako. Nilitaka Lorimer mmoja zaidi abaki mpaka mwisho ili mimi nisahaulike. Na nilitaka kuuona mtaa kabla macho hayajazima. Hayo yote mawili ni yangu, si mzigo wako.

Mimi siwezi kukwambia uondoke. Nakwambia tu kwamba nilipopita ule mpopla mara ya mwisho, miguu haikusimama. Hilo nililiandika kwenye daftari siku ile. Limo.

Athol Lorimer
(Amesaini mwenyewe. Na mimi nimelia kidogo, haikusemwa, nimeongeza. N.)


Wellington
3 Agosti 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Salamu kwako na kwa Noeline, na asante kwake kwa chumvi.

Nimemwambia Mama habari za macho. Amekasirika kwa niaba yangu, kisha akauliza kama unapenda kusomewa, maana ana vitabu vingi vya mauaji. Jiandae.

Kuhusu mpopla wa tano, jibu langu liko mchezoni. Nimeuchora. Zamani ulikuwa mpopla tu, mmoja katika mstari wa miti kumi na miwili. Sasa majani chini yake yamekanyagwa, kama mahali ambapo mtu husimama.

Karatasi ya wenye fedha nimeirudisha tarehe 30. Nilichowaandikia nitakwambia uso kwa uso, kwa sababu nimechoka kukuandikia kwamba sijambo. Sikuwa mzima, Baba Mdogo. Nilikuwa nimeanza kuhesabu ngazi hata nikiwa nimekaa. Nilipata wiki mbili za mwisho kabla mlango wa sehemu ya kwanza haujafungwa, ambapo baada yake hakuna anayeruhusiwa kubadili hata jiwe. Wiki hizo nilifanya kazi vizuri. Sikuwa nimefanya kazi vizuri tangu mwaka juzi.

Sehemu hiyo ya kwanza wataitoa bure tarehe 20 Septemba, asubuhi moja tu ya mchezo, ili watu waonje. Msoma kipimo anatoka nyumbani, anapita mtaani, anashuka mtoni, anasoma, anarudi. Kilichobaki sijui kitatoka lini wala kama kitatoka. Noeline akupeleke maktaba, wana skrini kubwa. Nimezungumza na mkutubi. Nenda mpaka darajani. Anza upande wa posta.

Merrin


Ferrier ya Juu
28 Septemba 2025

Mwanangu Merrin,

Mwandiko ni wa Noeline. Leo nyuzi kumi na moja, upepo wa kaskazini magharibi, maua ya aprikoti yamefunguka tarehe 9 na hayajapigwa na baridi mpaka sasa. Mama yako amenisomea kwa simu mauaji mawili. Anapaza sauti ya kutosha, namsikia vizuri kuliko nilivyotarajia, na muuaji nilimjua mapema.

Tulikwenda maktaba jana. Mkutubi alitupangia viti mbele kabisa, na Noeline akashika kile kidude cha vitufe. Alinigonganisha na ukuta wa nyumba ya Pascoe mara tatu.

"Kushoto, mama. Kushoto."

"Huu mtaa wenu ulikuwa mwembamba mno."

"Tulipita na farasi."

"Farasi alikuwa na macho."

Nilitazama pembeni, kwa ukingo wa jicho, kama ninavyofanya sasa kwa kila kitu. Nikauona. Mlango wa posta niliupata, na makwaruzo ya mbwa. Dirisha la ukumbi, kioo kilichopasuka. Nilimwambia Noeline apite polepole, akapita polepole, na watu wawili waliokuwa wakisoma magazeti wakaja wakasimama nyuma yetu. Mmoja ni mjukuu wa Pascoe.

Tulipofika mpopla wa tano nilimwambia asimame. Tukasimama. Kisha nikamwambia twende.

Darajani nilimwomba ahesabu kwa sauti, kwa sababu vitu vidogo sivioni. Wewe uliniandikia jozi kumi na nane, na ya mwisho ni ndala za Garth. Noeline alianza upande wa mto, kwa ukaidi wake, akawa anarudi kuelekea posta. Akasema, hapa kuna mabuti ya mpira ya manjano, la kulia lina kiraka cha baiskeli kisiginoni. Nikamwambia nakijua kiraka hicho, nilikibandika mwenyewe Merrin akiwa na miaka kumi na tano. Akaniuliza, "Kwa hiyo ameondoka?" Nikamwambia ameondoka. Akasema, "Mchana?" Nikamwambia mchana, akionekana.

Kisha ndala. Kisha vyekundu. Akahesabu mpaka jozi ya kumi na tisa, nikasema basi, zimetimia. Akasema, "Bado moja, mzee."

Iko mbele ya zote, kwenye nguzo ya kwanza, upande wa posta. Alitaka kunieleza nikamwambia asinieleze, nisogezwe. Walisogeza kiti changu mpaka magoti yakagusa skrini. Nikageuza kichwa. Vitu vingi siwezi kuona siku hizi, lakini rangi ya chungwa naiona.

Yule mjukuu wa Pascoe akauliza ni viatu vya nani. Nikamwambia ni vyangu. Akatazama kidogo, akasema, "Kumbe ndivyo vya kwanza," akaenda kurudisha gazeti.

Daftari la 1987 nimelitoa kabatini. Tarehe 11 Agosti nilikuwa nimeandika hivi, Noeline amenisomea: "Nyuzi mbili chini ya sifuri. Mto mita moja na robo. Nimehama. Mpopla wa tano nimeupita bila kusimama." Chini yake palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nimemwambia asiguse, nikachukua ile kalamu ya wino mzito nikaandika mwenyewe, kwa herufi zilizotosha. Nimeandika tarehe ya jana na kwamba viatu vimetundikwa.

Hujasema una kazi gani sasa, nami siulizi. Aprikoti zitaanza kuiva wiki ya kwanza ya Januari na ngazi ya mti mfupi ina vidato sita tu. Njoo utakapokuja. Ukifika nitakutazama sikio.

Athol Lorimer
(Amesaini mwenyewe. Sijaongeza kitu. N.)